Oksijeni Arobaini na Tatu

Jumanne usiku

Eti mabano ni siri! Kapteni, huyu tuliyeletewa na jeshi awe mwalimu mkuu, aliingia darasani nikiandika fomula ya salfeti ya alumini: Al₂(SO₄)₃.

"Hii mabano unaficha nini? Toa!"

Nikayafuta. Ikabaki Al₂SO₄₃, oksijeni arobaini na tatu, naye akaondoka kifua mbele. Nyota tatu begani, kichwani giza tupu.

Nikayarudisha. Nikawaeleza wanafunzi kwamba salfeti ni kundi moja, nasi tunataka makundi matatu, kwa hiyo lazima tulifunge kwa mabano.

"Asiyejua hilo," nikasema, "asikanyage darasa langu."

Wakacheka wote, isipokuwa Nakato. Baba yake ni askari wa kambi ya Makindye, wanakoingia watu wasitoke.

Kila gari linalopunguza mwendo nje, naacha kuandika.