Uzi Nilioufungua Juu ya Mama Mdogo

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Huku tunapumua. Mama goti bado linamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa. Baba yako ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana kwa simu ningekata katikati.

Nilishakwambia nimejiunga na jukwaa la mtandaoni linalochambua kesi za uhalifu zisizopata majibu. Sikukwambia kwamba walinipa kazi ya kupanga mijadala. Kila kesi niliigawa nyuzi tatu: mfuatano wa matukio, ushahidi, na tetesi. Mtu akiandika uvumi kwenye ushahidi, nauhamisha. Wakanibatiza Karani. Mdogo wangu, nilivimba kichwa. Kazini kwetu, kwenye masjala ya hospitali, hata wa dirisha la pili hajui jina langu. Kule watu elfu tisa walingoja nipange.

Mwezi wa kumi nilifungua uzi wa mama yako. Sikukuomba ruhusa. Nilijiambia miaka kumi na moja tangu apotee inatosha, macho mengi yatamwona. Nikaweka picha yake ile ya gauni la mistari, wala sikusema kwamba ni mama yangu mdogo.

Wiki ya kwanza walikuwa na utu. Ya pili wakamgeukia baba yako. Mmoja anayejiita Darubini akaandika kwamba sakafu ya karakana yake ya kuchomelea ilimwagwa saruji mara tu baada ya mama yako kutoweka, akabandika na picha. Kwa kuwa kulikuwa na picha, niliutoa ujumbe ule kwenye tetesi nikauweka kwenye ushahidi. Ndiyo kanuni niliyoitunga mwenyewe.

Na mimi nilijua. Sakafu ile ilimwagwa wiki mbili kabla hajatoweka. Maji ya kuchanganyia saruji niliyabeba mimi, na mama yako ndiye aliyekuwa akitucheka tulivyochafuka. Mstari mmoja ungetosha. Lakini wangejua mimi ni ndugu yake, na ningevuliwa ukarani. Nikanyamaza siku nne.

Siku hizo hizo Darubini na wenzake walipeleka maneno yao polisi. Ya tano, askari wakaja na sururu wakaivunja karakana nzima, majirani wamejipanga ukutani na simu mikononi. Walikuta udongo. Jukwaani wakaandika kwamba amemhamisha. Hapo ndipo nilipoandika ninalolijua, nikafungiwa siku ileile. Sasa nami nina uzi wangu. Humo ninaitwa mficha maiti. Umepangwa vizuri, niliwafundisha mwenyewe.

Wateja wa baba yako wamekimbia. Nani atampelekea muuaji geti lake alichomelee?

Jumatano baba yako alikuja kwangu na karatasi alizochapishiwa na mtu. Alikataa kukaa. Akaniuliza huyu Karani ni nani, nikamwambia ni mimi. Hakufoka. Alizikunja karatasi zake polepole, akasema, "Mwanangu, umekula kwangu miaka yote. Mbona hukuniuliza mimi?"

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Wale wa jukwaani wameshahamia kwa mume mwingine, na gauni la mistari wamelisahau.

Nimekuandikia ili uyapate kwangu kabla hujayasoma huko. Usipojibu, nitaelewa. Ila baba yako amemwambia Mama kwamba anaogopa kukupigia, kwa kuwa hajui kama umesoma, wala ukisoma utaamini nini. Mpigie wewe kwanza. Mimi nisubirishe.

Msalimie shemeji, na uwabusu mapacha. Mama anakusalimu sana. Mungu akushike mkono huko uliko, na akupe la kumwambia mzee.

Dada yako akupendaye, ingawa sikuonyesha