Sikwenda Wodi ya Ugonjwa Wako, Mama

Mama,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari, na nyingine utanikemea. Nimepata baiskeli. Ndiyo, mimi! Natoka Lanet mpaka Bondeni na gauni langu jeupe la ukunga, na mbwa wote wa njiani wananijua. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, siulizwi tena kila kona kama miaka ile. Kaka Kamau ameoa, na huyo mkewe anacheka mpaka kuku wanatoroka. Ungempenda. Maua ya pareto ya Kabazi yamechanua vizuri, na wale mliokuwa mkichuma pamoja bado wanauliza ni nani atawazalisha binti zao sasa.

Hapo ndipo kuna maneno.

Nilipopita mtihani wa ukunga, Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali yetu, aliniita ofisini. Akasema daktari wa magonjwa ya wanawake ananitaka kwa wodi yake, nifundishwe kazi ya chumba cha upasuaji. Heshima kubwa, na usiku unalala kwako. Nilikuwa nimekaa kwa hiyo wodi miezi mitatu nikijifunza, na kazi haikunishinda. Lakini Mama, kila kitanda kilikuwa na wewe. Nikifunua shuka nakukumbuka ukificha vitambaa vya damu chini ya gunia la mahindi, ukituambia ni uchovu tu wa shamba. Ugonjwa ulikula tumbo lako la uzazi mwaka mzima, na tulipojua tulikuwa tumechelewa.

Kamau hakuwa na shaka. "Hiyo ndiyo wodi yako," akaniambia. "Ugonjwa umemla mama, halafu wewe unataka kwenda kubeba watoto?" Yaliniuma kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia hayo hayo mwenyewe. Metroni akanipa mpaka Jumatatu nijibu, wodi hiyo au ya kujifungulia.

Jumamosi mchana, kwa zamu yangu ya kuzalisha majumbani, nikaitwa Bondeni kwa Nyambura, mke wa fundi cherehani. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni na majirani, wamejipanga kwa vigelegele unavyojua: vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana. Mtoto akatoka vizuri, analia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nikapaza sauti, "Ni msichana!" Nje wakapiga vitatu, safi kabisa, wakaanza kutawanyika kwenda kupika uji.

Na mimi, mjinga wako, nilikuwa sijaweka mkono tumboni mwa Nyambura. Uliniambia mara ngapi? "Funga mdomo mpaka tumbo linyamaze." Kichwa changu kilikuwa ofisini kwa Metroni. Nilipogusa, ai! Tumbo bado kubwa, gumu, na mguu mdogo ukanipiga teke kiganjani.

Nyambura akauliza, "Nini tena?" Nikamwambia kuna mgeni wa pili. Akasema yeye alialika mmoja tu.

Huyo alikuja miguu mbele, Mama. Niliomba Mungu huku nafanya kazi. Mikono yangu ikafuata ulivyonifundisha, hakuna kuvuta, hakuna haraka, subiri mama mwenyewe asukume. Akatoka mvulana, kimya, amelegea. Nikampangusa mdomo, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena. Woi, dakika ile ilikuwa ndefu. Kisha akapiga chafya, akalia. Nikalia naye.

Nje sasa ikawa vita. Mama mkwe akasema waongeze vitano. Jirani akakataa, akasema ni vinane kuanzia mwanzo, maana vile vya kwanza mvulana hakuvisikia. Hawakupatana, kwa hivyo wakapiga vyote, kila mtu na hesabu yake, mpaka wafanyakazi wa reli, wale wa kutoka magharibi ya nchi wasiojua desturi yetu, wakatoka nje kuuliza ni nyumba gani inazaa kijiji kizima. Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na mara ya mwisho kucheka hivyo ulikuwa hai. Nikajua hapo hapo nitajibu nini.

Jumatatu nikamwambia Metroni nabaki wodi ya kujifungulia. Akaniuliza kwa upole, maana alijua ulivyokufa, "Na mama yako je?"

Nikamjibu kwamba mama yangu aliugua mwaka mmoja. Miaka thelathini kabla ya hapo alikuwa akipokea watoto wa wachuma pareto, akirudi nyumbani anaimba. Mimi nafuata ile thelathini. Metroni akavua miwani akaipangusa, akaniambia niende kazini.

Sijakusahau ulivyoumia, usidhani. Nakuahidi hivi: kila ninayemzalisha nitamuuliza mambo ya damu waziwazi, yeye na mama yake na mama mkwe wake. Atakayekuwa anaificha, nitamshika mkono mimi mwenyewe nimpeleke kwa yule daktari. Aone haya baadaye, akiwa mzima.

Kamau alininunia wiki mbili. Jana kaja, anazungukazunguka mlangoni, mwishowe kauliza kama nitakuwa na nafasi mwezi wa mavuno. Mkewe ana mimba! Nilimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka. Na binti wa kwanza wa Kamau, unajua desturi yetu, hupewa jina la mama ya baba yake: ataitwa Wambui, jina lako.

Basi pumzika, Mama. Ukiamua kurudi kwetu, mikono ya kwanza kukushika itakuwa yangu.

Binti yako,
Njeri