Gari la Maharusi

Jumanne, 4 Novemba 2025
Kioo cha ubavuni cha gari letu kimepasuka. Mawe ya njia ya Beni! Kioo chenyewe ni kirefu kama meza, na hapa Butembo hakuna anayejua hili ni gari la namna gani. Mume wangu Lusenge alilinunua Kampala: jeusi, refu, usukani kuume. Tunalikodisha kwa arusi. Hata binti yetu Tamar alipanda humo mwaka jana, shela yake ikaenea nyuma nzima. Fundi Sadrack ameng'oa zulia akitafuta chapa. Chini kuna magurudumu madogo ya mpira, mistari miwili. Lusenge anasema ni ya kusukumia mizigo ya matajiri.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemtumia kaka yangu Jacob picha. Yeye yuko Uingereza. Nasubiri.

Alhamisi, 6 Novemba
Jacob amejibu. Ni Daimler ya zamani, lakini kiwanda kilitoa mbele na injini tu. Nyuma yote ilijengwa kwa mkono na mafundi wengine, mbao ndani, bati juu, kwa kazi moja. Kisha picha: gari kama hili, vioo hivi hivi, na sanduku la maiti juu ya magurudumu yale, limejaa maua.

Corbillard, gari la kubebea maiti. Na maharusi wote wale!

Nilipomwonyesha Lusenge alikaa chini. "Mama Tamar, usiambie mutu hata moja. Batachoma motokari na sisi ndani." Ni kweli. Wakati wa Ebola gari la maiti lilipigwa mawe hata likipita tupu. Tutaliuza mbali. Sadrack ameapa kunyamaza. Naogopa hata kutoka kwenda uani, maana liko pale.

Ijumaa, 7 Novemba
Asubuhi. Mkwe wetu Ananie amepiga simu kutoka Beni. Tamar ana mimba ya miezi minane, na anatoka damu. Lazima apasuliwe hapa Butembo, kule damu ya kumwongezea haipatikani. Ambulance imekufa. "Mama, asiikale, alale tu. Mulete ile motokari yenu murefu." Nimeuliza jeep ya parokia. Iko safarini Masereka. Lusenge anawasha.

Beni. Naandika juu ya magoti, kiti cha mbele. Njia nzima sikuogopa waasi wa msituni. Niliogopa nyuma yangu.

Wamemleta Tamar juu ya godoro. Wakaliweka ukingoni mwa gari, likateleza lenyewe juu ya yale magurudumu mpaka ndani, miguu mbele. Ndivyo tulivyomtoa marehemu mama yangu nyumbani. Nikapiga kelele wamgeuze.

"Juu ya nini, mama?" Ananie akauliza sababu. "Iko vizuri hivi."

"Mumugeuze tu."

Wamemgeuza. Aliumia, nilimsikia. Sasa kichwa chake kiko karibu na kiti changu. Tunamngoja muuguzi alete sérum ya kumtundikia.

"Mama, godoro haitikisike hata kidogo," Tamar anasema. "Ni kama balipima mutu mbele ya kuijenga hii motokari."

Lusenge hageuki. Tamar ameniuliza mbona nalia, nikasema vumbi. Zulia tuliliacha gereji kwa Sadrack. Anapapasa yale magurudumu pembeni mwa godoro, moja moja.