Mkono wa Kupura Ulezi

Dada Generosa,

Nimekalia kiti chako, kile cha plastiki cha bluu nyuma ya mashine ya kahawa, ambacho enzi zako hakuna aliyethubutu kukigusa. Miezi sita tangu tukuzike, na mguu wake mmoja umeshapasuka. Nimeufunga kwa waya. Ungekuwepo ungenisema wiki nzima.

Nikupe habari kwanza. Mgahawa wetu wa Chanji bado uko wazi, ingawa nusura niufunge. Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali, watu wa halmashauri wakanywa kahawa yangu bila kulalamika kwa sababu walitaka joto tu. Baridi ilipopungua, na wao wakapungua. Mzee Kalisto, yule dereva wa lori la mahindi, alionja kikombe changu, akakiweka chini, akasema, "Mwanangu, mkono wa Generosa haupo hapa." Nikamwambia upo makaburini. Hakucheka.

Siku ya kuanua matanga waligawana vitu vyako. Vitenge vilikwenda kwa wifi, redio kwa kaka. Tampa yako, kile chuma kizito cha mviringo ulichokuwa ukishindilia kahawa nacho, alikichukua shangazi wa kule kijijini Kate. Alidhani ni kitu cha kutwangia vitunguu saumu. Ningeweza kumwambia. Nilimwacha aondoke nacho, kwa sababu niliona vile mwenye mkono hayupo, chuma chake kitasaidia nini? Nikabaki na tampa yangu, ile uliyoninunulia nilipoanza kazi kwako.

Unakumbuka nilivyoanza? Uliweka mizani ya kupimia watu juu ya meza, ukaniambia niibonyeze mpaka mshale ufike kilo kumi na tano, nirudie mpaka mkono uijue nguvu hiyo bila kutazama. "Usawa kwanza, Skola, nguvu baadaye." Ulinifundisha kuweka kiwiko juu, kupapasa ukingo kwa vidole nijue kama chuma kimelala sawa, kutokuzungusha ovyo. Ulikuwa mwalimu mzuri, sikatai. Mwezi wa tatu wa kujifunza kahawa yangu ilianza kushuka vizuri, nyembamba kama mkia wa panya, na watu wakaanza kuniulizia mimi.

Halafu nikafungua mdomo. Nilikwambia, kwa furaha ya kijinga, kwamba nikipata mashine nitafungua mgahawa wangu kule Izia. Ulicheka, ukasema wazo zuri mdogo wangu. Wiki hiyohiyo tampa yangu ikapotea siku mbili. Ulisema umeipeleka kung'arishwa. Ilirudi inang'aa kweli, na mimi nikakushukuru. Nilikushukuru, Generosa! Nilipiga na goti.

Toka siku ile kahawa yangu ikaharibika. Nilibonyeza kidogo, ikashuka mbio kama maji ya bomba. Nikabonyeza kwa uzito wote wa mwili, ikashuka mbio vilevile, imepauka, chachu, na uchungu unaobaki kooni. Na wewe ulikuwa unaonja mbele ya wateja, unaimwaga kwenye sinki, unasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mkono huu ni wa kupura ulezi, si wa kahawa." Watu walicheka. Miaka mitatu. Nilikuwa nakwenda nyumbani nautazama mkono wangu kama mbwa wa jirani aliyeniuma. Habari za Izia sikuzitaja tena.

Mwezi wa tisa, nikiwa nimeshaamua kurudi shambani, nikasema nijaribu mara ya mwisho. Nilikwenda kwa Fundi Rashidi, yule anayekereza vyuma karibu na stendi. Nilimpelekea tampa yangu pamoja na kile kikombe cha chuma chenye matundu kinachowekwa kahawa, nikamwomba anichongee tampa nyingine, nzito zaidi. Hakupima kitu. Aliigeuza mkononi akasema, "Dada, mbona hii niliipunguza mimi? Marehemu ndiye aliyeileta. Nilimwambia italegea, akasema ndivyo anavyotaka."

Nilikaa kwenye tairi bovu pale nje. Alinionyesha mwenyewe. Aliidumbukiza ndani ya kikombe, ikacheza. Milimita mbili zimeliwa pande zote, na pale pembeni unga wa kahawa unabaki haujashindiliwa. Maji hayana haja ya kupita katikati, yanapita hukohuko pembeni, hata ungekuwa na nguvu za ng'ombe wa kulima. Alinieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea kuchagua. Alisema mtu akinunua tampa asiangalie mpini, aangalie kama inaingia kwenye kikombe chake bila kubana wala kucheza.

Halikuwa kosa la mkono wangu. Hata siku moja.

Na ulikuwa na nafasi ya kusema. Wiki mbili za mwisho za ugonjwa wako nilikuogesha, nikakulisha uji wa ulezi kwa kijiko. Siku moja ulinishika mkono huuhuu, ukaugeuza, ukasema, "Pole na mkono." Nikadhani ni homa. Ulishindwa nini kuongeza maneno mengine matatu? Ulikuwa unamwogopa nani, mimi niliyekuwa nakubadilishia shuka?

Fundi alinichongea mpya, chuma tupu, mpini wa mninga, inaingia kwenye kikombe kama mfuniko wake. Kikombe cha kwanza kilishuka polepole, cheusi, kisha rangi ya asali. Nililia mpaka mvuke wa kahawa ukaisha. Mzee Kalisto akanywa, akafumba macho, akasema, "Leo mkono wa Generosa umerudi." Hata sifa hiyo amekupa wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Mwanao Anjela amemaliza chuo, hajapata ajira, amekuja nimfundishe kazi. Ni mwepesi wa kuelewa kama wewe. Juzi wateja wawili walimwulizia kwa jina. Siku iliyofuata nilimpa tampa yangu ya zamani. Nilikuwa nimeing'arisha. Alinishukuru, akapiga goti.

Jana kahawa yake ilishuka mbio. Akarudia, ikashuka mbio. Akaniuliza, "Mama mdogo, mkono wangu una nini?" Nikaonja, nikamwaga kwenye sinki, nikamwambia yale maneno yako, yote, kwa sauti yako. Watu walicheka. Nami nikasikia utamu, dada. Nimeona nikwambie wewe, maana ni wewe peke yako utakayeuelewa.

Kwaheri, Generosa. Siku ya Marehemu Wote nitamleta Anjela kaburini, tutakuombea. Nakuahidi siku hiyo nitamtolea tampa mfukoni, nimwambie mbele yako nani aliipunguza na nani alimpa, kisha nimkabidhi ile mpya ya mninga. Nitafanya hivyo. Mimi siyo wewe.

Zimebaki wiki tatu. Mpaka hapo mwache abonyeze.

Mdogo wako,
Skola