Farasi Mkononi mwa Baba

Shoga, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Nimemshinda baba. Nusu fainali ya sataranji, mbele ya watu wote. Lakini si mimi niliyemshinda.

Alikuwa amenibana vibaya. Malkia wangu hakuwa na pa kukimbilia, nilishaanza kujiandaa kumpa mkono. Akainua farasi, akabaki naye hewani. Nikadhani ananitania, si unamjua alivyo.

Akaniinamia, akauliza polepole: "Mwanangu, huyu anakwendaje?"

Farasi, shoga. Baba yangu, aliyenifundisha farasi kabla sijajua kusoma, ananiuliza anakwendaje.

Nikamwambia, "Baba, tufanye sare." Akatikisa kichwa kukataa. Muda wake kwenye saa ya mchezo ukakimbia mpaka ukaisha, farasi bado yumo mkononi. Mwamuzi akatangaza nimeshinda, watu wakapiga makofi.

Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi. Akasema, "Nyumbani nasahau mambo tangu siku nyingi, mama yako ananisitiri. Nilidhani ugonjwa huu hautafika kwenye ubao."

Sasa yuko nje, ananisubiri tupige picha. Natokaje humu?