Hibo Aliandika "Nafuka"

Alhamisi. Upepo wa leo umebeba mchanga, na mimi siwezi kukaa mahali pamoja.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Katoni bado ninayo. Ile katoni ya basta, zile tambi za dukani, tuliyoikunjua tukachora juu yake mito na milima, ambayo wenzangu wanaamini niliitupa siku tuliyofunga shule. Iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa leso kuukuu ya hooyo, mama yangu. Kila tukimaliza kucheza mtandaoni, mimi hufunga mlango, huitandaza sakafuni, kisha huucheza mchezo wote upya, peke yangu, kwa mkono.

Na kwenye katoni yangu, Hibo hajafa.

Nimesoma tena hapo juu, na naona kwamba mtu asiyenijua anaweza kushtuka. Hibo mwenyewe ni mzima. Yuko kwao Hagadera, anamsaidia dada yake kushona. Aliyekufa ni Barwaqo, mtu wake wa mchezoni. Lakini tangu Ijumaa iliyopita Hibo hajatuandikia neno, na kesho ndiyo itaamuliwa kama atabaki na sisi au la. Ndiyo maana nimefagia chumba hiki mara mbili na bado naona vumbi.

Mchezo wenyewe tuliletewa na mwalimu aliyekuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha tukiwa kidato cha pili. Mmoja anakuwa msimulizi. Yeye ndiye hueleza mahali palivyo na hatari iliyopo. Wengine kila mmoja ana mtu wake, na anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa la bahati, mnarusha dadu. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu mwalimu wa dini alikuwa ameshasema dadu ni haramu na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye. Hibo ndiye aliyepata dawa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na tende zilikuwa kila mahali. Kokwa ya tende ina mfereji upande mmoja, na upande wa pili haina kitu. Rusha kokwa tano, hesabu mifereji iliyotazama juu. Kuhusu kokwa hatukumwuliza mwalimu.

Msimulizi nikawa mimi. Hata sasa sijui ilikuwaje. Darasani nikiulizwa jina langu nilikuwa nalisema kama mtu anayeomba msamaha. Lakini juu ya ile katoni macho ya wote yalikuwa kwenye vifuniko vya soda tulivyovifanya watu wetu, hakuna aliyeniangalia usoni, na sauti zikaja. Niliweza kuwa bibi kizee, fisi, hata kisima. Nilitunga nchi ambayo visima vyake vimehama. Watu wanaamka asubuhi, wanakuta kisima kimeondoka, na ni lazima wakifuate kama wanavyofuata malisho. Barwaqo wa Hibo huweka sikio chini akasikia maji yanaelekea wapi. Mwende, ambaye baba yake alikuwa afisa wa kilimo hapa Garissa kabla hawajarudi Kitui, ana Syombua, fundi wa kufuli. Hakuna mlango katika nchi yetu ambao Syombua hajaufungua, ila mmoja.

Basi shule ikaisha. Mwende Kitui, Hibo Hagadera, mimi hapa hapa. Mwende akasema tuhamie mtandaoni, kuna programu ya michezo kama hii. Dada yake anayefanya kazi ofisini Nairobi akakubali kuilipia kila mwezi.

Isionekane kwamba Mwende ni mtu mbaya. Alifanya kazi kubwa. Alichora upya ramani yetu yote akitazama picha alizokuwa nazo kwenye simu, hata lile doa la chai ambalo tuliamua liwe ziwa. Programu ina dadu zake, zinabingirika kwenye skrini, lakini yeye alikaa siku nzima akaziondoa akaweka picha za kokwa za tende. Nilipoziona mara ya kwanza zikianguka, nilikaribia kulia.

Hata hivyo kuna kitu kinanikera. Zamani nchi yetu ilikuwa yetu. Katoni tuliiokota nyuma ya jiko la shule. Sasa ni nyumba ya kupanga. Dada ya Mwende akisahau kulipa mwezi mmoja, mlango unafungwa na sisi tunabaki nje, tunachungulia vitu vyetu dirishani.

Halafu kuna maikrofoni. Nikiongea, sauti yangu inanirudia ikiwa imechelewa, kama kuna mtu nyuma yangu ananiigiza. Siku ya kwanza nilinyamaza katikati ya sentensi. Tangu hapo mimi naandika na Mwende anasoma kwa sauti. Anasoma vizuri. Siku hizi anaongeza maneno yake, na yale ya kwake wakati mwingine ni mazuri kuliko yangu. Lakini programu bado imeniandika mimi Msimulizi, na kando ya jina langu imeweka nyota ndogo.

Nyota ya nini, sijui.

Ijumaa iliyopita mto ulijaa. Katika nchi yetu mto hujaa kama Tana: mvua inanyesha kwa kina Mwende, mafuriko yanakuja kwetu. Syombua alikuwa ameshavuka. Barwaqo alibaki ng'ambo ya huku, na ilikuwa zamu yake.

Lazima nieleze jinsi zamu zinavyokwenda. Ili tusichelewe, Mwende aliifundisha programu maneno machache: vuka, pigana, jifiche, kimbia. Ukiandika neno mojawapo, hata likiwa ndani ya sentensi, programu inarusha kokwa yenyewe na kumsogeza mtu wako. Pembeni kuna chupa ndogo ya mchanga. Mchanga ukiisha kabla programu haijaona neno inalolijua, inahesabu kwamba umesimama tu.

Hibo huwa haongei kwenye maikrofoni. Nyumbani kwao simu ni moja na watoto ni wengi, kwa hiyo anaandika haraka kabla simu haijachukuliwa.

Aliandika: Nafuka.

Programu ikanyamaza.

Akaandika: Nafuka mto. Halafu: Nimesema nafuka.

Sisi tunaozungumza Kisomali, v ikifika mdomoni inageuka f. Tuliambiwa shuleni tubane mdomo wa chini kwa meno, tukabana, tukafaulu kwenye mazoezi, tukatoka nje tukaendelea kama kawaida. Mimi mwenyewe nikiandika blogu hii hurudi nyuma kutafuta f zilizopotea njia. Hibo huandika kama anavyosema. Kwa hiyo mto umejaa, maji yanakuja, na Barwaqo amesimama ukingoni anatangaza kwamba anatoa moshi.

Tulicheka. Mwende alisema kwenye maikrofoni, "Abaayo, unafuka kama jiko la kuni?" Yeye si Msomali lakini abaayo, yaani dada, alilichukua bwenini na hakulirudisha. Hibo naye akaandika hahaha, zima moto basi. Tukacheka tena.

Mchanga ukaisha.

Maji yakapita, na picha ya Barwaqo ikawa ya kijivu.

Mwende hakucheka tena. Alisema, "Pole Hibo. Lakini kanuni tulikubaliana wote. Tukimbadilishia mmoja, kesho tutambadilishia nani?" Na hilo ni kweli. Nimelifikiria wiki nzima na bado ni kweli.

Lakini chini ya ile nyota yangu kuna kitufe. Msimulizi akikibonyeza, anaweza kubadilisha lililotokea. Kidole changu kilikuwa juu yake. Nilijua Hibo amesema nini. Mwende pia alijua. Aliyekuwa hajui ni programu peke yake. Nikawaza: nikibonyeza nitaulizwa kwa nini, na nikiulizwa nitalazimika kuongea.

Hibo akaandika: Sawa. Chezeni tu. Jina lake likatoweka pembeni.

Jana Mwende alinitumia ujumbe. Dada yake analipia viti vitatu tu. Hibo asipoingia kesho, kiti atapewa binti ya shangazi yao ambaye amekuwa akiomba muda mrefu. Kiti kikipata mtu mpya, kila kilichoandikwa kuhusu Barwaqo kinafutwa: jinsi alivyompata yule ngamia kipofu, lile deni la maji, kovu la sikio. "Wewe ndiye msimulizi," Mwende aliandika mwishoni, "unasemaje?"

Sijajibu. Nimeosha vikombe vilivyokuwa safi.

Hooyo alipochoka kuniona nikizunguka, akanipeleka sokoni kwenye meza yake ya maziwa ya ngamia. Joto lilikuwa la kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Akaja nesi mmoja anayeishi mtaa wetu, mtu wa Meru, mteja wake wa kila siku, akatoa noti kubwa.

"Mama Ifrah, leo sina ndogo." Ifrah ni mimi.

"Ngoja hapo," hooyo akasema. "Nafuka barabara nibate chenji."

"Usifuke sana mama, utatuunguza."

"Kwa joto ya Garissa, nani hafuki?"

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Hooyo naye akacheka, akakusanya nguo yake, akaingia barabarani. Mwenye mkokoteni wa punda akamsimamishia. Akafika upande wa pili, akapata chenji, akarudi.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kupimia, maziwa yananidondokea kwenye kiatu. Kila siku hooyo husema hivyo. Kila siku anafika.

"Naa, maziwa yangu unanywesha mchanga?" akaniuliza kwa Kisomali.

Tuliporudi nyumbani nilimwandikia Hibo kabla moyo haujabadilika.

"Abaayo, kesho baada ya swala ya Asr ingia."

Alikawia. Niliiweka simu chini, nikaichukua, nikaiweka kwenye kabati la vyombo nisiione, nikaenda kuitoa.

"Maiti anaingia wapi?"

"Ingia tu."

"Nije kukaa nikiwa kijivu? Wallahi sitaki. Mwende ataniimbia jiko la kuni."

"Ingia. Usiniulize."

Nilidhani simu imeshachukuliwa na watoto.

"Haye. Lakini uongee wewe. Nimechoka kusikia hadithi yako kwa mdomo wa Mwende."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Sikujua kwamba alikuwa anaona tofauti.

Sasa jua linashuka na upepo umetulia kidogo, ila mimi sijatulia. Nimekuwa nikifanya mazoezi nikiwa nimesimama nyuma ya mlango, nimeziba sikio moja ili sauti isinirudie. Nimepanga hivi. Kesho nitafungua maikrofoni kabla Mwende hajaanza kusoma. Sitatoa hotuba, siwezi. Nitabonyeza kitufe, na nitasema, "Barwaqo amefuka mto." Hivyo hivyo, kwa f, kwa mdomo wangu. Mwende akisema kanuni, nitamwambia aongeze neno moja kwenye yale aliyoifundisha programu. Aliweza kuifundisha tende. Hataweza kuifundisha sisi tunavyosema?

Na akikataa? Akisema programu ni ya dada yake?

Hapo sijui. Nimejaribu kutunga jibu, linakuja la kulia au la kugombana. Labda nitanyamaza tena. Naogopa hilo kuliko Mwende.

Nimeitandaza katoni tena hivi punde. Kile kifuniko cha bluu cha Hibo nilikiacha ukingoni Ijumaa ile; leo nikachukua kokwa na kuzirusha kwa haki, sikuzigusa tena. Mifereji miwili tu. Ungekuwa mchezo wa kweli, angevuka lakini angepoteza yule ngamia. Kwa hiyo ngamia nimemweka kando, na Barwaqo amekaa upande wa pili, ameloa, sikio lake liko chini.

Anasikia kitu. Najua ni nini, na kesho nataka kuwasimulia wao kwanza.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, sikujui na pengine ni afadhali. Nimekwambia iliko katoni. Usimwambie mtu, zaidi ya wote Mwende, mpaka kesho baada ya Asr. Baada ya hapo, ikiwa sauti yangu itatoka, nitawaambia mwenyewe.

Isipotoka, basi endelea kunifichia.