Uji wa Shauri

Jumatatu, 6 Mei 1957

Magunia matatu ya mifupa ya kusagwa leo. Mawili nimepokea, moja nimelirudisha. Nilipozamisha mkono mpaka kiwiko nilikuta joto katikati. Mifupa mizuri ni baridi, mikavu, haina harufu ya kukumbuka. Hii ilikuwa na manyoya ndani na inanuka kama soksi za wiki nzima. Dereva akaanza makelele, eti ni ya mbwa tu, mbwa atajuaje? Nikamwambia mbwa hawezi kusema, ndiyo maana nimeandikwa kazi mimi. Ameondoka akiniita mwanamke wa matata. Sawa, na aniite.

Bwana Hirji alikuwa ofisini, mlango amefunga. Ni Mhindi, na dini yao haitaki nyama, hata yai hagusi, na bado mashine yake inasaga chakula cha mbwa. Tangu serikali itangaze hii Hali ya Hatari kila mzungu wa mashamba amefuga mbwa watatu, wanne wa ulinzi, na wote wanataka kula. Kwa hiyo tumegawana. Stoo ya mifupa, nyama kavu na dagaa ni yangu. Stoo ya mahindi na pumba ni yake. Kwangu hajawahi kukanyaga. Akiwa na neno anasimama mlangoni na leso puani, maskini, macho yanatoka machozi.

Jioni nimembebea mbwa wetu Shauri mabaki ya chakula cha mashine. Wafanyakazi tunaruhusiwa.

Jumanne, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Bondeni wote ni matope. Shauri amebakisha chakula.

Shauri! Mbwa aliyekula kiatu cha harusi cha mume wangu Ezekieli, cha kushoto, mpaka kisigino. Yeye ndiye alimleta kutoka Lanet ndani ya mfuko wa koti, na kila kitu kilipotafunwa Baba, mkwe wangu, alisema, “Shauri yenu.” Jina likashika. Labda amekula panya huyu.

Alhamisi, 9 Mei

Ametapika asubuhi, ametapika tena niliporudi kazini. Amelala kizingitini kwa Baba. Baba amekaa chini kando yake, mkono juu ya mbavu. Hakwenda stesheni leo. Wala jana.

Naogopa. Acha niandike kwa nini, labda nitapumua.

Baba ni baba yake Ezekieli. Alifanya kazi ya reli mpaka macho yakapofuka. Ezekieli alipokufa kwa homa mwaka juzi, watu wa kwao Maragoli walidhani nitafunga mizigo nirudi kwetu Taita. Sikurudi. Nani angempikia huyu mzee mkaidi? Yeye chumba chake, mimi changu, ukuta mmoja katikati. Na kwao mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hata kusalimiana kwa mkono hakuna. Chakula naweka juu ya stuli, narudi nyuma, ndipo anapapasa. Kwetu si hivyo, lakini niliolewa kwao, nimeshika adabu yao.

Basi anayemshika ni Shauri. Kamba mkononi, mbwa mbele, mzee nyuma. Chooni, Shauri. Kanisani, Shauri. Stesheni kila asubuhi kusikiliza treni, Shauri. Anazijua injini kwa kukohoa kwao na anazisema vibaya kama majirani.

Mbwa huyu akifa, Baba atakaa chumbani mpaka naye afe. Nimeshaandika. Sijapumua.

Ijumaa, 10 Mei

Lori la Molo limerudi na magunia yetu. Mzungu mmoja wa huko, mbwa wake wote wanatapika, mmoja amekufa. Bwana Hirji akaja mlangoni na leso yake.

“Hii nyama, Mama. Mimi najua. Hii nyama tu.”

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, nami ningepaza yangu.

Nimefungua kila gunia. Nimenusa mpaka kichwa kinagonga. Dagaa nimewatia kwenye maji nione mchanga. Mifupa nimeichoma kidogo juu ya makaa. Nyama kavu nimeipasua vipande kwa vipande. Sioni ubaya. Lakini kama si stoo yangu ni stoo gani? Mahindi ni mahindi, ni chakula, hayana siri. Yale ya behewa lililonyeshewa mwezi uliopita tuliyaanika wenyewe uani, mimi na Bwana Hirji na vibarua, tukayageuza juu ya turubai tukicheka, ukungu tukaupangusa kwa magunia. Mazuri yakaenda kwenye unga wa posho ya watu. Yaliyogeuka rangi yakawa ya mbwa. Hata kwetu Taita ndivyo, mahindi ya ukungu unamtupia mbwa, na moto unaua kila kitu.

Kwa hiyo ni mimi. Kuna kitu pua yangu imepitwa.

Kuanzia leo Shauri haonji nyama wala mfupa. Uji mtupu, mwepesi, kama wa mtoto aliyetoka homa. Nimechota unga wa mahindi wa mbwa palepale kwenye mashine kabla haujachanganywa na chochote.

Jumapili, 12 Mei

Siku mbaya kabisa.

Baba alitoka kwenda choo peke yake, kwa ujeuri, akaanguka mtaroni. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilinyoosha mikono, nikairudisha. Mzee kwenye maji machafu, anapapasa hewa, anaita, “Shauri, Shauri,” na mbwa kule mlangoni anajaribu kuinuka, miguu inamkataa. Na mimi nimesimama kama nguzo! Nikapiga yowe. Jirani yetu fundi viatu akatoka na kitambaa cha kiwi mkononi, akamwinua.

Baba hakuumia, amechubuka goti. Nilimwekea maji ya moto juu ya stuli nikarudi nyuma, kama kawaida.

Nimelia kwa hasira. Sijui hasira ya nani.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwomba msaidizi mmoja wa ofisi ya mifugo apite. Kijana mpole, alipiga magoti kwenye matope na suruali yake safi. Alifunua kope za Shauri. Njano. Ufizi, njano. Akasema ini limeshambuliwa, lakini kwa nini, hajui, na hataki kunidanganya. Ameona wengine hivi tangu mvua zianze. Nimpe chakula chepesi na nimwombee.

Chepesi anakipata. Namlisha kwa kijiko, kichwa chake pajani mwangu, naimba zile nyimbo za mama yangu za kubembeleza. Anameza kunifurahisha tu. Naona.

Jumatano, 15 Mei

Anazidi. Hainui hata mkia.

Niliporudi kazini nikamkuta Baba na bakuli la Shauri mapajani, vidole ndani ya uji, analamba. Mungu wangu! Nikamfokea, mimi, baba mkwe wangu. Mtu mzima anakula chakula cha mbwa, majirani watasema namnyima!

Akangoja nimalize. Kisha akasema, “Uji wako mchungu, mwanangu. Hata mimi ningetapika.” Anasema mgonjwa akikataa chakula lazima mtu aonje, ajue anakataa nini. Ameonja tangu jana.

Nikatia kidole na mimi. Uchungu mdogo, nyuma ya ulimi, halafu ladha ya sanduku lililofungiwa nguo mbichi. Nikatema.

Nilikaa palepale chini. Tangu Ijumaa huyu mbwa hajaonja mfupa, hajaonja dagaa, hajaonja nyama. Mahindi matupu. Na kila siku anazidi kuoza ndani. Basi si mifupa. Haikuwa mifupa hata siku moja. Nilimwondolea kizuri nikamwachia kibaya peke yake, kwa kijiko, huku namwimbia.

Bakuli nimelimwaga chooni. Nimemkataza Baba. Ameahidi, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwomba Bwana Hirji anifungulie stoo yake. Alishangaa kama nimeomba kuingia jikoni kwa mkewe. Stoo imefagiwa, ina picha ya mungu wao na ubani unawaka. Mahali safi hivi, nani angenusa?

Nilizamisha mkono kwenye lile rundo la mbwa. Juu pakavu. Kiwiko kilipofika, joto. Nikatoa konzi. Punje zimeshikana, vumbi la kijani limejaa kwenye mistari ya kiganja. Nikamnyooshea. Akanusa. Akanusa tena.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, maneno nilikuwa nayo tangu nyumbani. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari za msiba.

“Mimi natazama nyama tu,” akasema. “Kila siku naogopa nyama. Mahindi mimi hapana tazama.”

Nikamwambia na mimi pia. Tulianika pamoja, tukacheka pamoja.

Halafu akafanya jambo ambalo nitalisimulia nikizeeka. Alivuka uani, akapita mlango wangu bila leso, akasimama katikati ya mifupa na nyama kavu, mwembamba. Akaniomba nimwonyeshe ninavyofanya. Nikamfungulia gunia zuri. Alifumba macho, akatia mkono mpaka kwenye kifundo.

“Baridi,” akasema.

“Ndiyo, Bwana. Hiyo ndiyo nzuri.”

Akaenda kuoga. Hakurudi mpaka jioni.

Jumamosi, 18 Mei

Mahindi yote ya rundo lile yamefukiwa shimoni na chokaa juu. Vibarua waliomba ya kulisha nguruwe. Tumekataa. Waliomba ya kuku. Tumekataa. Lori limekwenda Molo na Lanet kurudisha kila gunia lililouzwa, na Bwana Hirji mwenyewe amepanda mbele kwenda kuwaambia wazungu ni kosa la mashine yake. Si la mwanamke wa stoo. Alinieleza mara mbili hivyo, kama vile ningebisha.

Jioni kapita kwetu na birika la maziwa na mchele. Baba akauliza nani yuko mlangoni.

“Mimi, Mzee. Mtu wa mahindi.”

Nikasubiri Baba amtukane, anajua sana. Akamwambia akae, asikae upande wa mbwa asije akamkanyaga. Wakazungumza treni. Kumbe Bwana Hirji huamka kuzisikiliza kama yeye! Walibishana juu ya injini moja ya Kisumu mpaka nikawaacha nikapike.

Wali laini na maziwa. Nimeonja kwanza. Shauri amelamba kidogo. Hakutapika.

Jumapili, 19 Mei

Baba alivaa koti la kanisa akakaa kitandani, amelivaa tu, hana wa kumpeleka. Nilimwona kupitia mlango.

Nikachukua fimbo yake pale ukutani. Nikasimama mbali, nikamsogezea ncha moja mpaka ikagusa goti. Nikasema, “Baba, fimbo si mkono.”

Nikaanza kuona haya, nikajua nimevunja kitu. Kisha vidole vyake vikaipata ncha, vikaifuata kidogo, vikakoma mbali na vyangu. Akainuka.

Tumekwenda hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, fimbo katikati. Wanawake wa kwao walitutazama kanisa zima. Watazame. Kwenye mtaro nilisema, “Mtaro,” akavuka.

Jumanne, 21 Mei

Shauri amesimama! Hatua chache, akakaa, akatazama pande zote kama karani aliyechelewa kazini. Nimecheka peke yangu barabarani mpaka kwenye mashine.

Mbwa wa Molo, wawili walikufa. Waliobaki wanakula.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imepungua. Njano imetoka machoni mwa Shauri. Yule kijana wa mifugo anasema ataishi, lakini ini limeacha nguvu nyingi njiani, asivutishwe kamba kwa nguvu.

Stoo sasa ni mbili na pua ni mbili. Mimi naingia kwenye mahindi, Bwana Hirji anaingia kwenye mifupa. Bado anaoga baadaye.

Asubuhi nilimfunga Shauri kamba, nikaweka ncha yake juu ya stuli, nikarudi nyuma. Baba akaichukua. Akampapasa mbwa mgongo, mbavu, masikio, polepole. Kisha akaifungua kamba, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaniletea ncha ya fimbo kabla sijaomba.

Tulikwenda stesheni, mimi mbele, Baba, halafu Shauri nyuma bila kamba. Alipochoka alikaa. Kila alipokaa, Baba alisimama kabla mimi sijageuka, anamsikia pumzi. Tukangoja. Tukaendelea. Treni ya Kisumu ilipopita Baba alisema injini ile mbovu, na Shauri akalipiga benchi kwa mkia mara moja.

Jioni wali na maziwa. Nimeonja mimi, Baba akataka kuonja naye, Shauri akamaliza.